Mzee Aliyeshindwa na Kizingiti cha Nyumba Yake

Usiifute hii kabla hujaimaliza. Najua simu yako imejaa picha za maua na "asubuhi njema" za watu ambao wakati huo bado wako kitandani. Hii haina maua. Ina mzee, mkewe na kizingiti cha mlango, na ukifika chini utamjua mwenyewe wa kumtumia.

Huko milima ya Rungwe, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, aliishi mzee aliyeitwa Ambakisye. Alikuwa mfugaji. Ng'ombe wake hawakuwa wengi, ila walikuwa wanono na walimjua kwa sauti. Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Tusekile kwa jina la binti yao wa mwisho, ndiye aliyekuwa na mkono wa kukamua.

Mama huyu alikuwa na sheria moja: mtu haingii kwake akatoka bila kunywa maziwa. Hata aliyekuja kumgombeza alipewa kikombe kwanza, ndipo wakagombana vizuri. Na kikombe ukipewa kwa mikono miwili hukikatai. Unapokea, unasema "ndaga", yaani asante kwa lugha ya kwao, unakunywa mpaka mwisho. Kukataa maziwa ni kuukataa mkono uliokamua. Hivyo ndivyo walivyolelewa, naye Mzee Ambakisye katika ndoa yake yote hakuwahi kurudisha kikombe cha mkewe.

Uzee ulipopiga hodi haukuja peke yake. Mkono wa kulia wa Mzee ulianza kutetemeka. Hatua zikafupika, sauti ikafifia, uso ukawa hauonyeshi kicheko hata pale moyo unapocheka. Baadhi ya watu wakasema amerogwa. Wengine wakasema ni pombe ya ujanani, na mzee wa watu hajawahi hata kuinusa!

Hospitali ya wilaya ikasema ni ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke na mwili ukaze. Haujapata dawa ya kuuondoa kabisa, lakini kuna vidonge vya kumrudishia mtu mwendo. Akapewa.

Na kweli, vilimrudishia. Mzee alikuwa akiamka alfajiri, anameza kidonge chake kwa maji ya mtungi, anakaa kidogo, kisha anatoka kwenda bandani kuwakatia ng'ombe matete kama zamani. Mkono bado ulitikisika kidogo, lakini nani anahesabu? Majirani walianza kusema Ambakisye amepona.

Mama Tusekile alifurahi, ila kuna jambo lilimkera. Mume ni mgonjwa, na yeye mkewe hana kazi yoyote katika ugonjwa huo! Siku moja akamnyang'anya pakiti ya vidonge. "Kuanzia leo dawa nakupa mimi," alisema. "Mke yupo, halafu unajihudumia kama kapera?"

Kuanzia hapo kila kidonge kilifika kwa mikono miwili, kikiandamana na kikombe cha maziwa. Mzee alipokea, akasema ndaga, akanywa.

Sasa sikiliza. Mambo yakaanza kurudi nyuma. Ilianza na asubuhi moja mbaya, kisha nyingine, mwishowe zikawa mbaya zote. Miguu ikawa inaganda chini kana kwamba imepigiliwa misumari. Na mahali palipomshinda zaidi ni mlangoni. Anatembea vizuri ukumbini, akifika kwenye kizingiti, basi, mguu hauinuki. Watu wenye ugonjwa huu wanalijua jambo hilo, na hakuna aliyewahi kulisema bila uchungu.

Uchungu huo ulimjia Mzee wakati mbaya. Tusekile alikuwa ameposwa. Na katika ukoo wao binti akiolewa, baba humshika mkono akamvusha kizingiti cha nyumba aliyozaliwa. Si shangazi, si kaka. Baba akishindwa, kazi hiyo hupewa baba mdogo, na wote waliohudhuria hurudi makwao wakijua kwamba nyumba ile haina tena baba.

Siku moja Tusekile alimshika baba yake mkono, akamwambia, "Baba, tujaribu tu."

Wakatembea. Wakafika mlangoni. Mzee akasimama. Jasho likamtoka, midomo ikacheza, mguu ukakataa. Tusekile akawa analia kimyakimya bila kumwachia mkono.

"Mwanangu," Mzee alisema kwa ile sauti yake iliyobaki ndogo, "miguu inanisikia. Hainitii tu."

Habari hiyo ikamfikia jirani yao, Mzee Anganile. Kila kijiji kina mtu ambaye hajasomea chochote lakini ana jibu la kila kitu. Na kama kijijini kwenu hayupo, jichunguze, huenda ni wewe. Akaja, akapewa maziwa, akayanywa, akafuta masharubu, akasema, "Dawa za hospitali zikishamzoea mtu hugeuka sumu. Si mnaona wenyewe? Alianza vizuri, sasa zinamkausha. Mwachisheni zote, mwili upumzike. Atavuka mlango huo akiruka."

Mtu aliyekata tamaa hushika hata unyasi. Mama Tusekile akafunga vidonge kwenye kitambaa, akavificha juu ya kabati. Kikombe cha maziwa kikaendelea kuja, peke yake.

Haikupita muda mrefu, Mzee akakaza mwili mzima kama gogo. Homa ikampanda. Akawa haelewi anaulizwa nini, na uji ukawa unambakia mdomoni hauteremki. Alipoacha kuitambua sauti ya Tusekile, ndipo walipokodi gari na kumkimbiza hospitali.

Daktari hakupiga kelele, na nadhani wangependa apige. Aliwauliza tu, "Nani aliwaambia mmwachishe?"

Mama Tusekile akatoa kile kitambaa chenye vidonge, akakiweka mezani.

"Dawa hii haikatwi ghafla," alisema. "Hata kama tunataka kuipunguza, tunaishusha polepole, sisi wenyewe tukimwangalia. Mngechelewa kidogo, mngekuja kuchukua mwili."

Wakamlaza. Wakamrudishia dawa yake kwa saa zake, kwa maji. Homa ikashuka. Siku ikafika Mzee akakaa kitandani, akauliza ng'ombe wamekula nini. Mama Tusekile akalia kwa furaha mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akampa leso.

Ndipo muuguzi Sekela, yule aliyekuwa akiwagawia dawa tangu mwanzo, akaja kukaa nao. Aliuliza taratibu, "Mama, nyumbani kidonge alikuwa anakunywa na nini?"

Mama Tusekile akainua kichwa. Hili alilijua. "Na maziwa, mwanangu. Kikombe kizima, ya moto, yametoka kwenye kiwele. Dawa kali vile simpi kwa maji matupu mimi, si itamtoboa tumbo?"

Sekela akasogeza kiti karibu naye. "Mama, maziwa ni chakula kizuri, na nyama, na maharage. Lakini kidonge hiki na vyakula hivyo huingia mwilini kwa mlango mmoja. Vikifika pamoja, chakula hupita, kidonge hubaki nje. Si kwa kila mgonjwa inakuwa hivyo. Kwa Mzee wetu, tumeona ndivyo. Ndiyo maana huwa tunasema kidonge na maji kwanza, tumbo likiwa tupu, ukae kama nusu saa, ndipo ule." Kisha akamgeukia Mzee, na uso wake ulikuwa na huruma iliyochanganyika na hasira. "Lakini baba, mimi si nilikuambia haya? Siku ile ya kwanza, pale dirishani?"

Mama Tusekile akamtazama mumewe. Siku ile ya kwanza yeye alikuwa nje, anatafuta bodaboda za kuwarudisha nyumbani.

"Alikuambia?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Aliniambia."

"Ulijua? Wakati wote ule unaganda mlangoni, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Mzee alimgeukia. Maneno yake siku hizi yalikuja moja moja. "Tangu niugue, ulikuwa unalia bandani ukidhani sisikii. Asubuhi ile uliyoleta dawa na maziwa, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukuona unacheka. Ningekirudisha vipi kikombe kile, Mama Tusekile?"

Ungedhani mama angemkumbatia. Hakumkumbatia. Alisimama, akafunga kitenge chake upya kiunoni kama mtu anayetaka kuingia shambani.

"Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nakufunga kamba miguuni kwa mikono yangu mwenyewe," alisema, "na wewe unasema ndaga!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuzia uso ukutani.

"Ungekirudisha, ningenuna. Ningenuna siku hiyo na kesho yake, nisikupikie hata ndizi. Halafu ningeleta maji. Wewe, kwa kuogopa ninune, umetaka niwe mjane. Hiyo ni heshima gani, Ambakisye?" Ilikuwa mara ya kwanza Tusekile, aliyekuwa amesimama miguuni mwa kitanda, kumsikia akimwita baba yake kwa jina. Akakaa chini tena, sasa akitokwa na machozi, akamshika ule mkono unaotetemeka. "Na mimi mpumbavu. Kuuliza tu, 'Walisema ukinywe na nini?' Neno moja. Sikuuliza."

Mzee akamwambia, "Nisamehe." Naye akasema, "Nitaona."

Kabla hawajaruhusiwa, Sekela alimfundisha mama, kwa sababu sasa yeye ndiye aliyetaka kujua kila kitu. Saa za dawa zisirukwe wala zisibadilishwe. Akisahau, asimeze mara mbili kufidia, wala asimgawie jirani hata kama naye anatetemeka. Akiinuka kitandani ainuke polepole, maana dawa hii huleta kizunguzungu. Akianza kuona watu wasiokuwepo, au kusinzia ghafla, aje hospitali, asipelekwe kwa mganga.

"Na akiganda mlangoni?" Mama aliuliza.

"Msimvute. Mwekeeni kitu mbele yake cha kukifuata. Wakati mwingine mguu uliokataa amri hukubali mwaliko."

Harusi ilisogezwa mbele, na upande wa bwana harusi walikubali bila maneno, Mungu awabariki. Siku ilipofika, Mama Tusekile alimletea mumewe kidonge asubuhi kwa kikombe kilekile, kwa mikono miwili ileile. Mzee akachungulia ndani. Maji matupu.

"Ndaga," akasema, na safari hii mama akacheka.

Wakati ulipowadia Mzee aliinuka polepole, akamshika Tusekile mkono, wakatembea ukumbini huku vigelegele vikipaa. Alitembea vizuri. Baba mdogo wa Tusekile alikuwa amesimama kando na koti lake jipya, iwapo atahitajika.

Wakafika kwenye kizingiti, na Mzee akaganda.

Nakwambia ukweli, sitaki kukudanganya kwamba dawa ni muujiza. Ikinywewa vizuri inasaidia sana, lakini ugonjwa ni ugonjwa. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Tusekile akaubana mkono wa baba yake. Baba mdogo akapiga hatua moja mbele.

"Kaa hapo hapo," Mama Tusekile alimwambia shemeji yake.

Alikuwa nje, upande wa pili wa mlango. Akasogea mpaka hatua moja kutoka kizingitini, akanyoosha mikono yote miwili. Mikononi mlikuwa na kikombe cha maziwa, ya moto, mvuke unapanda.

"Baba Tusekile," alisema, "dawa umekunywa, na nusu saa yake imeshapita. Maziwa yako haya hapa. Leo siyaleti. Yafuate."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mzee alikitazama kikombe. Hakutazama miguu, hakutazama kizingiti, alikitazama kikombe tu. Mguu wa kulia ukatikisika, ukainuka, ukavuka. Na wa kushoto ukaufuata. Na Tusekile akatoka nyumbani kwao akiwa ameshikwa mkono na baba yake mzazi.

Mzee akapokea kikombe kwa mikono inayotetemeka. Kwanza akamtazama mkewe.

"Naruhusiwa sasa?"

"Sasa kunywa."

Akanywa mpaka mwisho. Mengine yalimmwagikia kwenye shati jeupe la harusi, na mama hakuyafuta.

Funzo: Unayemuuguza, muulize ameelekezwa nini, unayeuguzwa, usimfiche anayekupenda, na dawa mliyopewa inyweni kama mlivyoagizwa, wala msiiache wala kuibadili kwa maneno ya jirani, kwa sababu upendo usiouliza na heshima isiyosema vinaweza kumfunga mtu miguu akiwa nyumbani kwake.