Spika ya Ambakisye

Mwenye kushindana na spika ya jirani hupasua yake. Leo mwalimu wenu wa kwaya amewatupia maneno hayo, nanyi mmekuja mbio kuuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Tukuyu, na asicheke mtu kabla haijaisha.

Ambakisye alikuwa fundi wa kurekodi wa kwaya yetu. Sikio lake lilikuwa zuri. Roho ndiyo iliyoshika kutu. Ng'ambo ya barabara Gwakisa alifungua studio, na kila harusi ikawa inapiga nyimbo alizorekodi Gwakisa. Ambakisye alizisikia hata akiwa mezani, ndizi zikamkwama kooni. Tena kwaya ilikuwa imemwambia wazi: albamu hii unayoturekodia ikiharibika, ya pili inakwenda ng'ambo kwa Gwakisa.

Basi kila kabla ya kuutoa wimbo wa kwaya kwenye kompyuta, alikuwa akipiga kwanza wimbo wa Gwakisa, eti alinganishe. Wimbo wa kwanza aliutoa kabla wivu haujakolea, ukatulia, mshale wa sauti ukaishia mbali na alama nyekundu ya hatari. Wa pili ukaigusa. Wa tatu ukaivuka. Mwalimu Tusajigwe, mama aliyeifundisha kwaya, akaja kusikiliza.

"Baba, mbona huu unanong'ona na huu unafoka? Waimbaji si wale wale?"

"Ni kompyuta, Mwalimu. Inatoa inavyotaka. Mimi sijagusa kitu."

"Haya, toa mmoja nione."

Akapiga wa Gwakisa, uso ukamkunjamana. Alipogeukia wa kwaya, kidole kikapandisha sauti.

"Umegusa."

"Kidogo tu."

"Na jana?"

"Kidogo tu, Mwalimu! Unataka yule asikike kutushinda?"

"Nataka waimbaji wangu wasikike. Zote zirudishe sawa na ule wa kwanza."

Akaitikia, na alikuwa na nia ya kweli. Lakini Mwalimu alipotoka tu, ng'ambo wakaanza kupiga, watu wakashangilia. Wivu ukamshinda. Akazipandisha tena zote, isipokuwa ule wa kwanza, ambao alishausahau.

Siku ya uzinduzi kanisa lilijaa. Wimbo wa kwanza uliwatoa wazee machozi. Wa pili ukakwaruza. Katikati ya wa tatu spika ya Ambakisye ikapasuka, pu! Akina mama wakaziba masikio, watoto wakacheka. Gwakisa, aliyekuja kama mgeni, akainuka kumsaidia kuchomoa nyaya.

"Kaka," alimwambia polepole, "ule wa kwanza nimeuonea wivu tangu mlipoanza kuupiga kwenye mazoezi. Kila ninachorekodi natafuta kitulie vile, sipati. Sasa hizi nyingine umezifanya nini?"

Ambakisye akabaki na waya mkononi. Mtu aliyekuwa akikimbia kumpita, kumbe alikuwa nyuma yake siku zote.

Albamu ya pili ilivuka barabara. Na Mwalimu Tusajigwe, akiitazama ile spika iliyochanika, hakumgombeza wala hakumcheka. Alisema tu: mwenye kushindana na spika ya jirani hupasua yake.