Meli ya Baba na Fundi wa Chini

Wapendwa, mnanijua. Mimi ni mtu wa milimani. Nikivuka maji, hata kwa kivuko cha dakika kumi, natubu dhambi zote mpaka zile za darasa la pili. Kwa hiyo mkinisikia leo nasimulia habari za meli, msidhani nimegeuka baharia. Ni mfano tu. Nisikilizeni.

Kulikuwa na ndugu wawili, kaka na dada, wa baba mmoja na mama mmoja. Kaka tumwite Mwadime, na dada yake mdogo tumwite Mghoi. Baba yao alipofariki aliwaachia kampuni ya meli ya watalii. Nikisema kampuni msifikirie meli kumi. Ilikuwa moja, jina lake Shukrani. Lakini ilikuwa meli kwelikweli: vyumba vya kulala mia moja na sitini, ukumbi wa chakula wenye mapazia mekundu, na sitaha ya juu ambako wageni walikaa na vinywaji vyao wakitazama visiwa vikipita. Kila Jumamosi ilitoka bandarini imejaa watu, ikazunguka visiwa siku kadhaa, ikarudi Jumanne.

Shukrani ilikuwa na umri wa miaka thelathini na sita. Kwa mtu, huo ni ujana. Kwa meli, wanaojua wananiambia, huo ni uzee.

Na ugomvi ukaanzia hapo. Mghoi alikuwa amekwenda ng'ambo akaona meli mpya zinavyoundwa. Akarudi na michoro, akaitandaza mezani: lifti ya vioo, bwawa la kuogelea, ukumbi wa michezo ya watoto.

"Kaka," akasema, "wageni wetu wanazeeka pamoja na meli yetu. Vijana hawaji. Hii tuwape wanaokata vyuma, tuagize mpya."

Mwadime hakutaka hata kuitazama ile michoro. "Mghoi, baba alijinyima mpaka akaipata meli hii. Jina aliipa yeye mwenyewe. Leo unataka ikakatwekatwe kama gari bovu?"

"Sisemi baba alikosea. Nasema muda wake umekwisha."

"Umekwishaje? Itazame ilivyo nyeupe! Tumeipaka rangi mwaka jana tu!"

Sasa niwaulize, nani alikuwa sahihi? Naona vijana kule nyuma wanatabasamu, wako na Mghoi. Na hapa mbele wazee wangu wamekunja mikono, wako na Mwadime. Haya, kaeni hivyohivyo, tuendelee.

Walibishana mwezi mmoja, wakabishana miezi mitatu. Ikafika mahali kwenye harusi ya binamu yao wakakaa meza mbalimbali, kila mmoja akisalimia watu kama vile mwenzake hayupo. Na uamuzi haukuweza kungoja, kwa sababu wakati wa kuipeleka Shukrani chelezoni ulikuwa umekaribia, kule meli zinakotolewa majini zikatengenezwa. Ama watumie nguvu zao zote kuifufua ile ya zamani, ama waiage waagize mpya. Uwezo wa kufanya yote mawili hawakuwa nao.

Ndipo Mwadime akapata wazo. Ndani ya meli ile, chini kabisa, kulikuwa na fundi mkuu wa mitambo, Mzee Mwachiro. Alikuwa amekaa na injini za Shukrani miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa na baba yao akiwa bado hajaoa. Watoto wake wote wanne walizaliwa yeye akiwa safarini.

"Tumwite Mzee Mwachiro," Mwadime akasema. "Hakuna mtu anayeijua meli hii kama yeye. Atakalosema tulifuate, mimi na wewe."

Mghoi akacheka kwa uchungu. "Kaka, huyo ataitetea. Ugali wake uko mle. Meli ikienda kukatwa, yeye atakula wapi?"

Lakini alikuwa amechoka na ugomvi. Akakubali. Wakampigia simu asubuhi ile ile ya Alhamisi, siku mbili kabla ya safari.

Mzee Mwachiro akaja ofisini na ovaroli yake. Mikono alikuwa ameinawa, lakini mnajua mikono ya fundi, mafuta yalikuwa yameshaingia kwenye mistari ya viganja, hayatoki tena. Wakamkaribisha kiti, hakukaa. Wakamweleza shauri lao. Akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sitajibu nikiwa hapa. Twendeni chini."

Wakaenda. Mghoi akavua viatu vyake vya kisigino, akaazimwa buti za fundi mmoja, zikawa zinampwaya kila hatua. Wakashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Joto likawapiga usoni. Kelele za jenereta zikawa kubwa mpaka inabidi useme karibu na sikio la mtu. Mwadime alipofika chini alisimama akishangaa kama mgeni. Unajua kwa nini? Alikuwa hajashuka mle tangu baba yao azikwe, miaka kumi na moja. Yule aliyekuwa akisema meli hii ni damu yake! Na Mghoi, aliyekuwa akisema meli hii imekufa, yeye hakuwahi kushuka hata siku moja.

Mzee Mwachiro akawapitisha kando ya injini, akainua kipande cha sakafu ya chuma, akapiga magoti. Akaelekeza tochi kwenye bamba la ubavu wa meli.

"Bwana Mwadime, weka mkono hapa."

Mwadime akainama, akagusa. "Kuna unyevu," akasema. "Ni kwa sababu ya joto. Chuma kinatoa jasho."

"Onja."

Mwadime akamtazama. Akaona mzee hafanyi mzaha. Akapeleka kidole mdomoni, na uso wake ukabadilika.

"Si jasho, bwana," mzee akasema. "Ni bahari."

 Mwadime akaanza kuongea harakaharaka, kama mtu anayejadiliana na daktari. "Basi tutabadilisha bamba! Si tunakwenda chelezoni? Hata kama ni mabamba ishirini, tutabadilisha!"

"Bamba hili nimelibadilisha mara tatu," mzee akajibu. "Tatizo si bamba tena. Ni mbavu zinazolishika. Zimeliwa na kutu, na ukiondoa mbavu zote umeondoa meli. Mumpumzishe. Asibebe watu tena. Hata Jumamosi hii asitoke."

"Jumamosi hii? Mzee, kuna watu mia tatu! Wengine wameshafika hotelini!"

"Ndiyo maana nasema. Hili nimeliona jana jioni tulipohamisha mafuta ya tangi lililo hapa. Mliponipigia simu nilikuwa nimeshavaa viatu vya kuja kwenu. Mengine ya nyuma niliwaandikia. Barua nne. Kwako, na nakala kwa dada yako."

Mwadime akamtazama Mghoi. Mghoi akatazama buti zake.

Mwadime akapaza sauti, sijui ni hasira au ni aibu. "Mzee Mwachiro, wewe! Kati ya watu wote, wewe! Nilidhani unaipenda meli hii!"

Hapo mzee akanyanyuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyafuta.

"Nani amekwambia siipendi? Bwana Mwadime, nyumbani kukiwa na mgonjwa, watu wanaokuja kumwona dakika tano wakiwa na chungwa mkononi ndio wanaosema, 'Ataamka tu huyu, ona anavyong'aa.' Anayemwogesha ndiye anayejua. Mimi nimemwogesha huyu miaka ishirini na tisa. Akiondoka, mimi naondoka naye, kazi nyingine sina. Lakini sitamwacha azame na watoto wa watu kwa sababu mimi nampenda."

Mghoi akapumua. Unajua mtu akishinda hawezi kujizuia. Akamgusa kaka yake begani, akasema, "Umesikia, kaka? Si ndicho nilichokuwa nasema?"

Mzee akamgeukia. "Na wewe binti yangu, usishangilie. Wewe umepatia kwa kubahatisha. Hukujua habari ya maji haya, ulitaka lifti ya vioo. Meli yako mpya itaanza kuzeeka siku itakapogusa maji. Nani atashuka kuitazama?"

"Mzee, hizi za kisasa zina kompyuta kila mahali," Mghoi akasema. "Ikiwa na tatizo itatuambia yenyewe."

"Hata hii ilikuwa inawaambia," mzee akasema. Akarudisha kile kipande cha sakafu mahali pake.

Safari ya Jumamosi ikafutwa. Mwadime alisimama mwenyewe hotelini mbele ya wageni, akatukanwa kwa lugha tano. Mwanamke mmoja aliyekuja kusherehekea miaka arobaini ya ndoa alilia mbele yake. Wageni wakarudi kwao wakimlaani.

Siku tisa baadaye Shukrani ikavutwa taratibu mpaka chelezoni, ikiwa tupu. Ilipotolewa majini mkaguzi akapita chini yake na nyundo ndogo, akigonga. Akagonga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu nyundo ikapenya. Rangi nyeupe ikabomoka, chuma kikaanguka kama ganda la mkate ulioungua, na pakabaki tundu ambalo mtu angeweza kupitisha kichwa. Mwadime alikuwa amesimama palepale. Akakaa chini kwenye mchanga na suruali yake ya ofisini. Alikuwa anawafikiria wale mia tatu. Walirudi kwao wakimlaani, lakini walirudi.

Meli mpya ilichukua miaka miwili na nusu kuundwa. Katika miaka hiyo Mwadime alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikwenda nyumbani kwa Mzee Mwachiro, akakaa barazani, akasema, "Mzee, nifundishe." Na mzee akamfundisha. Walikwenda pamoja mpaka kule meli ilikokuwa ikiundwa, Mwadime akajifunza kugonga chuma na kusikiliza, akajifunza mabomba, akajifunza mpaka majina ya mafundi na ya watoto wao.

Siku ya uzinduzi ikafika. Watu wamejaa sitahani, kuna kwaya, kuna keki, waandishi wa habari wamekuja na kamera. Mghoi amependeza, anataka picha na kaka yake mbele ya ile lifti ya vioo. Anamtafuta, hamwoni. Anauliza huku, anauliza kule. Mwishowe mhudumu mmoja akamwambia, "Yuko chini, mama."

Mghoi akashuka ngazi zote na gauni lake. Akamkuta kaka yake amevaa ovaroli, amepiga magoti, anapapasa bamba moja baada ya jingine.

"Kaka! Watu wanatungoja! Na meli hii ni mpya kabisa, haina hata mkwaruzo. Unatafuta nini?"

Mwadime akasema, "Nataka kuijua ikiwa nzima, mdogo wangu. Ili siku ikianza kuugua, nijue."

Wapendwa, nimewaona mlivyogawanyika pale mwanzo, wengine kwa Mghoi, wengine kwa Mwadime. Nami siwalaumu, maana ndivyo tulivyo. Tunagombana tangu Januari kuhusu zamani na sasa. Nyimbo za zamani au za sasa. Mashemasi wa zamani au vijana. Tutengeneze nyumba yetu au tutafute nyingine. Na nikisema nyumba, wengine wenu mnajua sisemi ya mawe. Tunapaza sauti, tunanukuu mababu, tunachora michoro. Na katika kelele zote hizo hakuna aliyeuliza swali la yule mzee: nani ameshuka?

Wewe unayesema ndoa yenu ni imara, umeigusa wapi ukajua? Wewe unayesema ya kwako imekufa na mpya iko tayari mtaa wa pili, umewahi kuishukia hata siku moja? Na ukihamia kwa mpya, utashuka huko, au utakaa sitahani mpaka nayo ianze kuvuja? Sisi ni wepesi wa kupaka rangi na wepesi wa kutupa. Kukaa na kitu, kukigonga, kukisikiliza, kukijua kikiwa kizima na kukijua kikiugua, hilo ndilo linalotushinda. Na bila hilo, hata tukiamua sawasawa, tumebahatisha.

Nami msidhani nawahubiria ninyi peke yenu. Mwajua semina za wanandoa katika usharika huu nafundisha mimi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Jumanne iliyopita nilikuwa mezani naandaa somo, mke wangu akasimama mlangoni akaniuliza, "Baba Tumaini, mara ya mwisho kuniuliza naendeleaje, ukangoja nimalize kujibu, ilikuwa lini?" Nikatafuta. Nikarudi nyuma mwezi, nikarudi nyuma mwaka. Wapendwa, nilikosa jibu.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wanisamehe, kikao cha baada ya ibada leo kiendelee bila mimi. Mimi naenda nyumbani kuuliza, na safari hii nitakaa mpaka amalize. Nanyi msikae hapa nje mkipongezana kwa mahubiri. Nendeni. Kila mmoja wenu ana mtu anayeulizwa "hujambo" kila siku na hajasikilizwa.