Ng'ombe Kumi na Wawili wa Shahada

Hii ni kesi, na mpaka leo haijapata hakimu. Isikieni yote kwanza, ndipo mgombane.

Palikuwa na watoto watatu wa baba mmoja katika nchi ya Wakurya. Matinde, mkubwa wao, alijaliwa uzuri na subira. Nyamhanga, wa kati, alijaliwa mkono wa mifugo. Ng'ombe aliyechungwa naye hakukonda hata kiangazi. Robi, binti kitinda mimba, alijaliwa kichwa. Ndiye aliyechaguliwa kwenda chuo kikuu kusoma kemia, na siku hiyo alidhani amewaokoa wote.

Serikali ilimpa Robi mkopo wa nusu ya ada. Nusu iliyobaki ilimkodolea macho baba yao, na baba hakuwa na kitu.

Matinde akasema yeye ataolewa. Hakumpenda Magige aliyemposa, na habari za mkono wake mwepesi wa kupiga alishazisikia. Lakini Magige alikuwa na ng'ombe kumi na wawili wa mahari, basi akaenda. Mwaka wa pili wa ndoa alivunjwa mkono. Robi alipompigia simu kutoka bwenini kumjulia hali, aliambiwa kila kitu ni salama, yeye asome tu.

Nyamhanga akasema yeye atasubiri. Kwa mila yao, mahari ya dada ndiyo anayoolea kaka, na kijiji kizima kilijua wale kumi na wawili ni wake. Akawaswaga mwenyewe mpaka mnadani, akarudi na fimbo tu mkononi, fedha zikaenda kulipa ada ya Robi. Wenzake wakaoa, wakaitwa baba fulani. Yeye akafikisha miaka thelathini na minane, na kwenye vikao vya ukoo kazi yake ikawa kuchuna mbuzi wakati wenye wake wakizungumza.

Robi akasoma, tena kwa mlo mmoja kwa siku, akahitimu. Baba yao alikuwa akijigamba kwamba shahada ile ni mtamba, subirini izae. Alikufa akisubiri. Miaka mitatu Robi alizungusha vyeti mpaka bahasha ikachanika, ndipo akapata kazi ya kupima dawa za kulainishia ngozi za ng'ombe kiwandani. Mshahara ulipoingia, mkopo ulikatwa kwanza, kodi ya chumba ikafuata, na kilichobaki kilikuwa cha unga. Barakoa walizoahidiwa hazikuletwa. Mwaka wa nne kifua chake kikaharibika, na daktari akamwambia akae mbali na kemikali, yaani akae mbali na kitu pekee alichosomea. Kiwanda kikamlipa fidia na kumwachisha kazi.

Alipopiga hesabu aliona fidia ile ni bei ya ng'ombe kumi na wawili, hazidi wala hapungui mmoja. Akacheka peke yake, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Alipofika nyumbani alimkuta Matinde amekimbilia hapo, uso umevimba. Ukoo wa Magige ulikuwa umetuma ujumbe: warudishiwe ng'ombe wao wote kwenye mnada wa mwezi ule, au warudishiwe mwanamke. Kumi na mmoja hawawataki. Na wazazi wa Wankuru, mchumba aliyemngojea Nyamhanga miaka sita, nao walitaka kumi na wawili kamili, wakasema mnada huohuo ndio wa mwisho, maana mwingine ameshaleta posa.

"Mdogo wangu, sikukupa ili nikudai," Matinde alisema. "Ila nikirudi kule sitatoka tena nikiwa hai."

Nyamhanga naye akasema.

"Dada alitoa mwili wake, sibishi. Lakini ng'ombe walikuwa wangu. Wangebaki zizini, leo wangekuwa arobaini. Tungemkomboa yeye, mimi ningeoa, na wewe ungekuwa unapumua."

Hesabu hiyo Robi alishaipiga mara nyingi, na kila mara ng'ombe waliishinda shahada. Tena hakuwaambia kwamba matibabu ya kifua chake, pamoja na mwaka mzima wa kukaa bila kazi, yangekula fidia ile ile yote. Daktari alimweleza kwamba akiyaacha nusu njia ni sawa na kutotibiwa. Aliona aibu kujitaja mbele ya watu wale wawili, na aibu ile ilimtia hasira.

Siku ya mnada walikwenda wote watatu. Nyamhanga alichagua ng'ombe mmoja mmoja kwa jicho lake lisilokosea, bila kujua anamchagulia nani. Matinde alishika kamba kwa mkono wake mzima. Muuzaji akamgeukia Robi.

"Dada, ukishanilipa niwapitishe njia ipi?"

Njia ya juu ilikwenda kwa Magige. Njia ya mtoni ilikwenda kwao Wankuru. Fedha zilikuwa bado mkononi mwa Robi, na kama angezirudisha kwenye mkoba, kungekuwa na basi la kwenda hospitalini. Kaka na dada yake walikuwa wametazama pembeni, wasimlazimishe kwa macho.

Haya, ninyi mliosikiliza. Mmoja alitoa mwili wake, mmoja alitoa ndoa yake, mmoja alitoa kifua chake. Msiniambie wagawane, kwa maana mmesikia kwamba nusu haimfai yeyote. Wewe ungeamua vipi? Na ukishaamua, wale wawili uliowanyima ungewaambia nini?