Kikohozi si Jina

"Kikohozi si jina." Mmeisikia leo, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Methali nyingi husingiziwa wahenga wenye hekima. Hii ilitoka kwa mtu aliyeudhika, na ilianza hivi.

Mzee Shemweta wa Pangani alikwenda Usukumani kuwa mshenga wa mpwa wake Mhando, aliyetaka kumwoa Kabula. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake: mshenga husimama uani na kumtaja mkuu wa ukoo kwa jina. Asipomtaja, posa haijaletwa. Amekuja kutembea tu. Na mkuu wa ukoo, babu yake Kabula, aliitwa Ng'homango.

Shemweta alikuwa ameliona jina hilo limeandikwa, hakuwahi kulisikia. Angeweza kumuuliza Mhando, lakini mshenga humfundisha kijana, hafundishwi naye. Basi siku ya posa, tangu alfajiri hakutulia. Alilijaribu chumbani, akalijaribu njiani, na kila mara lilitoka na sura nyingine. Alifunga kifungo cha kanzu, akakifungua, akakifunga.

Uani ukoo mzima ulikuwa umeketi ukimngoja.

"Nimekuja nyumbani kwa Mzee..." Akakohoa.

"Mpeni maji," alisema babu.

Akanywa. "Nimekuja nyumbani kwa Mzee..." Akakohoa tena, kwa bidii zaidi.

"Mwongezeeni."

"Huyu kaja kuposa au kaja kunywa?" aliuliza shangazi yake Kabula. "Waliokuja jana hawakuwa na kiu. Na bado wanangoja jibu."

Shemweta akaanza upya, na kikohozi kikamjia palepale. Babu akachukua fimbo yake, akainuka.

"Mgeni, nimeitwa mengi maishani mwangu. Kikohozi si jina."

Ukoo mzima ukainuka naye. Mlangoni, Kabula alijifunika uso kwa khanga. Mhando alimtazama mjomba wake, na mkono wa mjomba ukaachana na kifungo.

"Mzee, subiri. Sina mafua. Jina lako sijui kulitamka, na niliona haya kuuliza. Nitamkie."

Babu hakuketi. Alilitamka polepole, pumzi ikipita puani. Shemweta akafuata, watoto wakaangua kicheko. Akarudia, sasa akacheka hata shangazi. Akarudia tena, jasho likimtoka.

"Limefika likichechemea," alisema babu, akiketi, "lakini limefika. Haya, sema ulichotumwa."

Kabula aliolewa na Mhando. Mtoto wao wa kwanza alipewa jina la babu, na Shemweta alimwita kwa jina hilo, vibaya na kwa sauti kubwa, hadi kufa kwake. Mtoto aliitika kila mara.

Basi mkikuta neno lisilowakalia mdomoni, ulizeni, mlitamke, mchekwe. Kifua kiacheni kipumzike. Kikohozi si jina.