Kishungi na Mayai ya Kanga

Haya jamani, mpo?

Tupo!

Nina hadithi mdomoni. Niiteme au niimeze?

Iteme!

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wakizungumza na watu bila kuoneana haya, palikuwa na kuku mmoja. Aliitwa Kishungi, kwa sababu ya manyoya yaliyomsimama kichwani. Mwenye kuku huyo alikuwa bibi mmoja, Bi Sikudhani.

Kishungi alipenda kuatamia kuliko kuku wote. Na bahati yake sasa! Akaatamia mara ya kwanza, vifaranga wakachukuliwa na mwewe. Akaatamia mara ya pili, wakaliwa na kicheche. Akaatamia mara ya tatu, nyoka akameza mayai yote, hakubakisha hata moja la kuombea msamaha.

Mnadhani alikoma? Wapi! Akaatamia mawe. Akaatamia vitunguu. Siku moja akakutwa ameatamia kiatu cha Bi Sikudhani, na ukimsogelea anakudonoa! Hali, hanywi, amebaki mifupa mitupu.

Aliyemwokoa ni Kanga wa porini. Kanga alitoka kichakani na punje za mtama, akamtilia mdomoni.

"Kula, dada. Kiatu hakitoi kifaranga."

Kila siku akaja hivyo hivyo, wala hakuwahi kumcheka.

Mwishowe Kishungi akamwendea Bi Sikudhani akilia. "Bibi, niondolee hamu hii. Itaniua."

"Haya, mjukuu wangu. Lakini usije ukanilaumu."

Bi Sikudhani akafanya kama wafanyavyo wafugaji. Akamchovya tumbo kwenye maji ya baridi. Akamchovya tena. Akamchovya tena. Hamu ikamtoka.

Kishungi akala, akanenepa, akatembea uani kwa maringo. Lakini kuku wenzake wakaanza maneno. "Huyu si Kishungi tena. Kishungi tuliyemjua hakuacha yai lipoe."

Maneno yale yakamchoma. Akamwuliza Kanga, "Mwenzangu, mimi bado ni mimi?"

Kanga akafikiri. "Hilo sijui, dada. Najua nakuja kumwamkia yule yule niliyekuwa namlisha."

Basi siku moja Kanga hakuja. Kishungi akamfuata kichakani. Akakuta manyoya yametapakaa na nyayo za mbweha. Maskini Kanga! Kando ya manyoya, kwenye nyasi, mayai ya Kanga yalikuwa bado na vuguvugu.

Kishungi akayatazama. Akaitafuta hamu moyoni, hakuiona. Kwake yalikuwa kama mawe tu. Miguu ikamwambia, twende zetu. Lakini akaukumbuka ule mtama, akalia sana, akakaa juu ya mayai. Akaimba, nanyi mniitikie:

Sina hamu, nipo!
Sina raha, nipo!
Kanga alinilisha, nipo!

Mvua ikanyesha, kumbikumbi wakaruka. Kuku wenzake wakapita mbio. "Njoo, Kishungi, leo ni karamu!" Mate yakamjaa mdomoni. Kuku na mate! Msinicheke, ndivyo nilivyosimuliwa. Hakuondoka. Akaimba.

Bi Sikudhani akamwaga mtama uani, akawaita kuku wake wote. Tumbo la Kishungi likanguruma. Hakuondoka. Akaimba.

Kisha mbweha akarudi. "Ondoka," akasema, "nakuachia roho yako. Habari zako nazijua. Wewe hamu ya mayai huna, na haya wala si yako."

Kishungi akatetemeka mpaka shungi likalala. Kila kiungo kilitaka kukimbia. Hakuondoka. Akaimba kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mpaka Bi Sikudhani akasikia, akaja na mchi mkononi. Mbweha kuona mchi, mguu niponye!

Bi Sikudhani akaweka mayai kapuni, na Kishungi juu yake, akawapeleka nyumbani. Baada ya siku kadhaa vifaranga wa kanga wakatoka, wote wazima.

Kuku wenzake wakaja kutazama. "Kumbe hamu imekurudia!"

"Haijarudi hata kidogo. Nina njaa, na mgongo unaniuma."

"Sasa aliyeatamia ni nani?"

"Ni mimi," akasema Kishungi. "Mimi niliyelishwa na Kanga."

Akawakusanya vifaranga chini ya mbawa zake. "Asante, dada Kanga," akasema. "Bila wewe ningekufa juu ya kiatu."

Tangu siku hiyo watu huweka mayai ya kanga chini ya kuku, na kuku huyaatamia kama yake.

Basi jamani, mtu aweza kuondolewa hamu aliyozaliwa nayo, akabadilika mwendo na tabia, na bado akawa yeye, maadamu anawakumbuka waliomtendea wema. Akiwasahau hao, hapo ndipo tuulize amekwenda wapi.

Hadithi yangu imefika kwao. Iliyemnogea aondoke nayo, iliyemkera anirudishie nikaipike upya.