Kitambaa cha Heshima

Mtu mmoja wa Tukuyu, Ambakisye kwa jina, alikuwa na banda la kuonyesha mpira, na ndani yake projekta aliyoipenda kuliko viatu vyake vya kanisani. Ilipowaka, mchezaji alisimama ukutani mkubwa kuliko mlango, na watu wazima walipiga makofi kabla hata filimbi haijalia. Kitu kilichompa heshima namna ile, angekiacha uchi? Mkewe, Tusekile, alikifumia kitambaa cheupe chenye maua mekundu, kama mama zao walivyofunika redio. Kilishuka pande zote hadi mezani, kikaacha wazi tundu la kutokea mwanga tu. Waliokuja walikisifu, na hakikutolewa hata mashine ikiwa kazini.

Siku moja taa ya ndani ya projekta ikafa. Ambakisye akapanda gari mpaka Mbeya mjini, akanunua nyingine, halisi, akaipakata njia nzima kama kichanga. Aliibadilisha kwa adabu zote: alisubiri mashine ipoe, akakaza skrubu taratibu, kioo hakukigusa kwa kidole. Kisha akaifunika. Nayo ikafa kabla mahindi hayajakomaa. Akamlaumu muuzaji, akalaumu umeme, akamtilia shaka hata jirani mwenye banda la pili. Muuzaji alimpa ya tatu akimwambia ndiyo ya mwisho, maana taa za mashine ya aina ile hazitengenezwi tena. Basi Ambakisye akamwomba mkewe aongeze safu ya pili ya kitambaa, vumbi lisipate hata pa kupenya.

Ikafika siku ya fainali ya kombe, na timu ya kwao imo! Nani angebaki shambani? Banda lilijaa alasiri mapema, magunia yakatundikwa madirishani kuzuia jua, watu wakabanana hadi miguuni pa Ambakisye. Moyo wake ulimdunda kwa furaha na hofu pamoja, kwa kuwa taa ile ikifa, banda nalo limekufa. Zikaingia dakika za mwisho, timu zikiwa sare. Hapo picha ikaanza kufifia, na chini ya maua ya kitambaa kijitaa chekundu cha onyo kikawa kinawaka na kuzima. Ambakisye akainuka haraka akikitandaza kitambaa vizuri, akidhani vumbi limeingia. Lakini Tusekile alikuwa amekwisha kunusa uzi wake ukiungua. Akaruka magoti ya watu, akakishika kitambaa, akamwambia mumewe:

"Baba Lusajo, kukifuma nilikifuma mimi, na kukitoa nakitoa mimi. Mashine tumeiziba pua."

Akakivuta chote mbele ya macho ya watu. Joto likatoka kama la tanuri lililofunuliwa, feni ya mashine ikavuta pumzi kwa nguvu, na picha ikarudi ikimeremeta, wakati huo huo kijana wa timu yao anaupiga mpira kwa kichwa na wavu unatikisika. Banda zima likaruka. Ambakisye aliruka nao huku analia, na yale matundu ya ubavuni, ambayo hakuwahi kuyaona tangu aifunike, yalikuwa yakimpulizia joto tumboni.

Nawe mwenye projekta, uliyekwisha kuzika taa mbili ukilaumu wauzaji: hiyo iliyobaki nyumbani mwako, kwa mapenzi yako hayo makubwa, inapata pumzi?