Watu Walitoka kwa Neno la Nani?

Sogeeni niwape kisa, na mwenye hasira za karibu ajizuie, maana mimi mwenyewe kinanichemsha.

Palikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba chenye watu watatu wa kutajwa. Bwana Magesa, meneja, alikuwa na jicho. Mkanda wa mashine ukilegea ng'ambo ya ukumbi, keshauona. Bi Nyamizi, nyapara wa zamu, alikuwa na neno. Hajapata kumdanganya mtu, na hata waliomzidi umri walimwita mama. Mihayo, mfunga marobota, alikuwa na moyo usiosubiri wenzake.

Sasa sikieni uovu. Magesa alipenda kuwapima watu wake. Siku moja alipiga kengele ya moto pasipo moto, watu wakatoka mbio kama walivyofundishwa. Akawangoja mlangoni, akawaita wavivu wanaotafuta kisingizio, akafukuza wawili. Mmoja alikuwa kaka yake Mihayo. Nyamizi alikwenda kuwaombea, akaambiwa ajue mipaka yake. Lilimuuma na bado linamuuma. Mtu anatii, halafu anaadhibiwa kwa kutii.

Basi moto wa kweli ukaja. Ulianzia ghalani, nyuma ya marobota, na aliyeuona ni Magesa peke yake. Alikuwa nje, angeweza kwenda zake. Akarudi ndani, akapiga kengele, akawapigia kelele watoke. Watu wakainamisha vichwa, wakazidi kuchapa kazi. Nani atoke akafukuzwe?

Nyamizi hakuona moshi wala hakunusa kitu. Alimtazama usoni yule mtu asiyempenda, akaona hofu isiyo ya kuigiza. Akikosea, kazi imeota mbawa, na wanawe wanalala kwenye chumba kinachovuja. Akapanda juu ya robota.

"Leo ni kweli," akasema. "Tokeni."

Wakamwamini. Lakini kuamini si kuinuka, na kila mmoja akabaki kumtazama mwenzake. Ndipo Mihayo, mwenye sababu kuliko wote ya kuipuuza kengele ile, akazima mashine yake na kushika njia ya mlangoni. Wote wakamfuata. Mtu wa mwisho alipovuka kizingiti, paa likaporomoka nyuma yake.

Tajiri mwenye kiwanda akatoa nyumba ya matofali, moja tu, kwa aliyewaokoa watu. Magesa akawahi kusimama. Alisema amri ilikuwa yake.

"Amri uliitoa, bosi," Nyamizi akamwambia. "Ila masikio yetu uliyaziba mwenyewe."

"Ningenyamaza, hayo masikio sasa yangekuwa majivu."

Mihayo akakohoa. "Mama, nakuheshimu. Lakini mlisema nyote wawili, na watu walikuwa bado ndani."

Tajiri naye ameshika ufunguo, hajui ampe nani.

Haya, mliokaa hapa. Aliyeona, aliyeaminiwa, na aliyetangulia kuinuka: ungekuwa wewe tajiri, ufunguo ungemkabidhi nani, na wale wawili wengine ungewatazama vipi usoni?